Gari Lililokatazwa Gia

Siku yangu ya kwanza kazini niliendesha gari hatua kama arobaini tu, kutoka lango la karakana mpaka chini ya paa la mabati, halafu Foromani akanitoa ndani ya gari na kuniambia kwamba kazi siijui. Ilikuwa Arua, mwaka 1971, wanajeshi wakiwa ndiyo kwanza wamechukua serikali. Nilikuwa kijana mwenye leseni mpya na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Jina langu ni Ramadhani, mzaliwa wa mtaa wa Awindiri, wa ukoo wa wale askari waliotoka Sudani zamani za mababu. Kwetu kijana alitarajiwa kuwa askari, mwenye duka au dereva. Jeshi lilinikataa kwa sababu ya nyayo zangu bapa, na duka sikuwa nalo.

Kampuni iliyoniajiri ilinunua tumbaku kwa wakulima wa Aroi, Koboko na Ludara. Jina lake nitaliacha, maana waliokuwa wakubwa wake wengi ni marehemu na hawawezi kunijibu. Foromani, yaani mkubwa wa mafundi na madereva, alikuwa Kalasinga wa makamo, mwenye kilemba cha buluu kilichoingia grisi. Kiswahili chake kilikuwa cha karakana, na hakuna aliyekosa kumwelewa.

"Wewe najua endesha," akaniambia. "Kila mutu najua endesha. Simamisha, wewe najua?"

"Lakini nimeisimamisha, Foromani. Si hiyo imesimama?"

"Hii hapana simama. Hii napumzika tu. Kama nataka kwenda, nani nakataza?"

Akaniamuru nilipeleke lile pikapu nyuma ya karakana, kwenye mteremko, nilisimamishe likielekea chini. Nikafanya. Akaja na kigoda chake cha mbao na bilauri ya chai, akakaa mbele kabisa ya bampa, magoti yake yakikaribia kugusa chuma. Kisha akasema, "Sasa toka. Acha mimi na gari." Nilitoka. Nilikuwa nimevuta handbreki tu, na nilijua kwamba nimeivuta kwa haraka. Yeye akanywa chai, funda moja moja, akinitazama mimi, si gari. Ilipobaki nusu bilauri nilishindwa kuvumilia, nikarudi ndani kuivuta tena. Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Nzuri," akasema. "Ile kitu nasumbua wewe, hiyo ndiyo kazi."

Kila dereva wa kampuni alipita mbele ya kigoda hicho. Mkipenda kujua tulifundishwa nini, sikilizeni, kwa sababu ninyi wa siku hizi mna magari yanayojibadilishia gia yenyewe, na wengi wenu mnadhani gari likizimwa limekwisha kuwa nyumba. Gari la gia za mkono lina vitu vitatu vya kulizuia. Cha kwanza ni handbreki, breki ya mkono, ambayo huvutwa na waya tunaouita kebo. Ukisimama, weka fri, yaani gia isiyoshika kitu, vuta handbreki, kisha achia breki ya mguu polepole ili uzito wa gari uikalie ile handbreki na uone kama inabeba. Cha pili ni gia. Zima injini, kanyaga klachi, na kama pua ya gari inatazama chini weka rivasi, kama inatazama juu weka gia ya kwanza, ndipo utoe mguu kwenye klachi. Injini iliyozimwa ni nzito kuzungushwa, kwa hiyo magurudumu yaliyofungwa nayo hayapati njia. Cha tatu ni jiwe chini ya tairi, upande wa mteremko. Juu ya hayo unageuza usukani, tairi zielekee mtaroni, ili hata vitu vyote vitatu vikishindwa gari liende kuumia peke yake.

Foromani aliyasema yote hayo kwa maneno matatu, "Mkono, gia, jiwe," na alitaka yote matatu kila siku, hata uwanjani palipo tambarare. Ukikosa moja alikunyang'anya ufunguo hadi kesho yake. Tulimnung'unikia sana. Dereva mmoja alisema mzee huyu anaogopa gari kuliko chui. Mimi nilimcheka pamoja na wenzangu, lakini nilifanya alivyotaka, na baada ya miezi mikono yangu ilifanya bila kuniuliza.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Aroi, nikimwendesha Bwana Shamba wa kampuni, mtaalamu wa miche. Alikuwa mtu mpole aliyependa kusimama kila mahali, hata katikati ya kilima, akaona jani lenye madoa na kusema, "Paki hapa, Ramadhani." Kupaki ndilo neno letu la kuegesha gari. Kwa siku moja niliweza kupaki mara ishirini, na mara ishirini nilishuka na jiwe. Naweza kusema kwamba Aroi ndiko nilikopata ufundi. Ndiyo miezi pekee ya kazi yangu ninayoikumbuka kwa furaha.

Mwaka uliofuata Wahindi wote waliamriwa kuondoka nchini. Foromani alikuwa amezaliwa huku huku, lakini hilo halikumsaidia. Siku ya mwisho alipita kwenye magari yote uwanjani, akaingia kila moja, akavuta handbreki na kuisikiliza kwa kichwa kilichoinama. Nilimsindikiza hadi langoni. Nikamwambia Mungu atamlinda.

"Kebo ya handbreki iko mbili tu kwa stoo," akanijibu. "Mimi hapana jua nani taleta ingine."

Hakuna aliyeleta. Maduka ya vipuri yalifunguliwa tena na watu wasiojua tofauti ya boliti na nati, na kilichokuwamo kiliuzwa mpaka rafu zikabaki na vumbi. Betri zilikufa. Stata, ile mota ndogo inayoamsha injini, zikafa nazo. Tukaanza kupaki kwenye miteremko kwa makusudi, pua chini, ili kuondoka gari literemke lenyewe na injini iamke kwa mwendo. Mji mzima wa Arua ulikuwa na magari yanayotazama bondeni. Hata hivyo gia haikuwa na kosa katika jambo hilo, naomba mnielewe hapa. Gari linaweza kukaa ndani ya gia, dereva akaingia, akakanyaga klachi, akaondoa jiwe kwa msaada wa mwenzake, na likateremka vizuri. Tulioendelea kuweka gia hatukupoteza kitu.

Meneja mpya alikuwa mwanajeshi, mwenye cheo cha kapteni, na sisi tulimwita Meneja Kapteni. Alikuja na askari mmoja wa kumlinda, Koplo, mtu wa maneno machache aliyenigawia sigara zake hata siku ambazo sigara hazikupatikana mjini. Mimi nikapewa pikapu la Meneja. Watu waliniambia nimebahatika. Mke wangu hakusema hivyo. Alianza kuniuliza kila asubuhi nitarudi saa ngapi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya nilipokuwa Aroi.

Kapteni alijua kuendesha kidogo, kwa jinsi ya mtu aliyefunzwa kwenye uwanja mpana. Asubuhi moja, stata ya pikapu ikiwa bado nzima, alitoka ofisini mbele ya wakulima waliopanga foleni, akaingia kwenye gari mwenyewe na kuwasha bila kukanyaga klachi. Nilikuwa nimeliacha ndani ya gia kama desturi. Gari likaruka, likagonga ukuta wa maua, kofia yake ikamwangukia mapajani. Wakulima wote walitazama chini. Ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko kicheko.

"Nani naweka gia ndani ya gari yangu?" akauliza.

"Mimi, afande. Ndiyo kawaida ya kupaki, kama dereva—"

Kofi lilinipata sikioni. Kisha la pili, ili nisije nikadhani la kwanza lilikuwa bahati mbaya.

"Gari yangu hapana weka gia. Kutoka leo mpaka kufa. Wewe nasikia?"

"Nasikia, afande."

Ningeweza kumwambia kwamba tatizo lilikuwa klachi. Mtu mwingine yeyote ningemwambia. Lakini wakati ule kapteni hakufundishwa na dereva, na mimi nilikuwa na watoto wawili. Kuanzia siku hiyo gari lilikaa fri. Alikuwa na mazoea ya kupitisha mkono dirishani na kutikisa mti wa gia, na ukicheza huku na huku bila kushika, aliridhika akaenda zake. Ukabaki mkono na jiwe, gia ikawa imefutwa kwa amri. Baadaye kebo nayo ikachoka. Ukivuta handbreki ilishika kwa muda, labda wa kumaliza sigara moja, kisha ikaanza kulegea yenyewe bila sauti. Nilimwarifu. Akasema, "Si iko jiwe?" Basi likabaki jiwe peke yake.

Miaka kama mitatu ikapita hivyo na hakuna kilichotokea. Hapo ndipo penye hatari katika kazi yetu, kwa sababu kosa lisilokuadhibu unaanza kuliona kama ufundi. Nilifikia kuwaambia wenzangu kwamba jiwe zuri linatosha.

Koboko tulikuwa tukienda siku za soko, kununua tumbaku kwenye stoo iliyokuwa chini ya mteremko mfupi. Pikapu nililipaki juu, pua chini, kwa kuwa stata ilikwisha kufa na Kapteni hakupenda kuonekana akisukumwa. Kando ya mahali hapo aliuza uji na chai mwanamke tuliyemwita Mama Asunta, kwa jina la binti yake. Alikuwa Mkristo, mkimbizi kutoka ng'ambo, Sudani, na vita vilipokwisha kwao wenzake walirudi, yeye akabaki na shamba lake dogo Ludara. Alikuja kwa miguu, akitoka kwake kabla ya jua, sufuria kichwani. Uji wake ulikuwa mzito na hakupunguza kikombe. Kila nikifika aliniwekea changu kabla sijaomba, na alinitania kwamba dereva wa mkubwa ana tumbo la mkubwa lakini hana kiti cha mkubwa.

Sasa lazima niwaeleze neno moja. Sisi wa mpakani, tukiwa karibu na Kongo, betri za tochi tuliziita mawe. Ilikuwa kawaida kumsikia mtu akisema tochi yake imekwisha mawe. Zilikuwa adimu wakati ule, na zilizokwisha nguvu tulizianika juani ziamke kidogo. Nilikuwa nazo nne kuukuu, nimezipanga mbele ya kioo cha gari, na wiki iliyotangulia nilimwahidi Mama Asunta kwamba nitampa, maana njia ya kutoka Ludara alfajiri ilikuwa na nyoka. Kiswahili chetu cha Arua na Koboko, kama mnavyojua, hakijali moja wala nyingi. Jiwe moja, jiwe kumi, yote ni jiwe.

Siku hiyo, mara tu tulipofika, Kapteni aliniita nisaidie kupanga mizigo ya tumbaku karibu na mizani. Nilikuwa mlangoni mwa stoo, mzigo begani, mgongo umeelekea nje. Nikasikia sauti ya Mama Asunta kutoka juu.

"Dereva! Ile jiwe, mimi nachukua?"

Sikugeuka. Nikajibu kwa sauti, "Chukua, Mama! Iko pale kwa gari!"

Nilidhani anataka zile betri. Yeye, kumbe, moja ya mafiga yake matatu lilikuwa limepasuka kwa moto, sufuria ikiwa imeinama na uji ukitaka kumwagika. Aliona jiwe zuri, bapa juu, chini ya tairi. Akafanya alivyopaswa kufanya mtu mwenye adabu, akamwuliza mwenye nalo. Mwenye nalo akasema chukua. Akalitoa, na gari halikusogea, kwa sababu handbreki ilikuwa bado imeshika. Kwa hiyo hakuona dalili ya ubaya wowote. Akalipeleka motoni, akatengeneza sufuria, akaendelea kuwapimia watu uji.

Nimehesabu mara nyingi muda uliopita baada ya hapo. Nilibeba mizigo mitatu. Ningegeuka mara moja tu ningeliona gari likiwa halina jiwe, na ningepanda ule mteremko kwa pumzi moja.

Koplo alikuwa amechuchumaa kando ya ukuta wa stoo, akifunga kamba za buti. Gari lilikuja kimya, kwa kuwa injini ilikuwa imezimwa na fri haina mlio. Watu walipiga kelele likiwa limekwisha kumfikia. Mimi nilisikia kishindo ukutani na nikaona mavumbi ya tumbaku yakianguka kutoka kwenye paa. Tulilivuta gari nyuma tukiwa watu wengi. Alikuwa bado ameshika kamba ya buti moja. Alifariki hapo hapo, na mimi nikasema shahada kwa niaba yake, kisha nikaanza kulia kama mtoto, na katika kilio hicho nilikuwa tayari nimejua ni jiwe gani niliulizwa.

Kapteni alitoka stoo na bastola mkononi. Alitazama maiti, akatazama gari, akatazama juu lilikotoka.

"Jiwe iko wapi?"

Halikuhitaji kutafutwa. Lilikuwa chini ya sufuria, na upande wake mmoja ulikuwa na tope lenye alama za tairi. Watu walisogea mbali na meko yale mpaka Mama Asunta akabaki peke yake, mwiko mkononi.

"Wewe natoa jiwe ya gari?"

"Ndiyo, bwana," akasema. Hakukana hata kidogo. "Ya mimi napasuka. Mimi nauliza dereva kwanza. Dereva nasema chukua."

Kapteni akanigeukia. Nakumbuka kwamba hakuwa na hasira usoni. Aliuliza kama anayeuliza barabara ya kwenda Arua.

"Dereva. Wewe nasema chukua?"

Nawaambia kilichopita ndani yangu, kwa kuwa wengi hudhani mtu anayesema uongo wa namna hiyo hufikiri sana. Sikufikiri. Niliona bastola, nikaona mke wangu akiwa mlangoni akiniuliza nitarudi saa ngapi. Nikasema, "Hapana, afande."

Mama Asunta akageuza kichwa, kwa jinsi mtu anavyofanya akidhani hakusikia sawasawa. "Dereva?" akaniita. Ni hilo tu. Hakunitukana, hakurudia maneno yake. Nadhani alielewa papo hapo, na aliona kwamba kurudia hakuna faida.

Maiti ya Koplo iliwekwa kwenye lori la tumbaku lililotufuata nyuma. Mama Asunta akapandishwa nyuma ya pikapu pamoja na askari wawili waliotokea sokoni. Gari lilikuwa limebonyea mbele lakini lilikwenda. Watu wa soko walituamshia injini kwa kusukuma, na wengi wa waliosukuma walikuwa wanunuzi wake wa uji, nyuso zao zikiwa karibu na uso wake. Kapteni alikaa kando yangu. Akasema mbio, nikaendesha mbio. Njiani Mama Asunta aligonga kioo cha nyuma yangu kwa kidole na kuweka mdomo karibu.

"Dereva, ile sufuria iko ya kuazima. Ambia Asunta narudisha kwa mwenyewe."

Nikaitikia kwa kichwa. Kapteni alitazama mbele.

Kwenye lango la kambi ya jeshi niliambiwa nisimame. Palikuwa na mwinuko kidogo. Mikono yangu, bila kuniuliza, ikavuta handbreki, ikazima injini, ikaweka gia ya kwanza, ikageuza usukani kuelekea mtaroni. Kapteni aliona yote. Hakunipiga, na tangu siku hiyo hakupitisha tena mkono dirishani kutikisa mti wa gia. Hiyo ndiyo toba pekee niliyoiona kwake. Alimshusha Mama Asunta akaingia naye ndani, na mimi nikaambiwa nirudi na lori.

Nilikwenda langoni mara mbili baada ya hapo. Mara ya kwanza mlinzi alisema hakuna mwanamke pale. Mara ya pili alisema nikiuliza tena atakuwapo mwanamume. Sikwenda mara ya tatu. Na Ludara sikwenda kabisa. Ujumbe wa sufuria haukufika, kwa sababu kumpelekea binti yake ujumbe huo kulinilazimu nimwambie kwa nini mama yake hawezi kuirudisha mwenyewe.

Niliendelea na kazi, hilo nalo nalikiri. Niliweka gia kila siku, waziwazi. Mwaka 1979 serikali ya wanajeshi ilipoanguka, Kapteni alitoweka usiku mmoja pamoja na pikapu, na sisi wengine tulijipakia kwenye lori la tumbaku, mke wangu, watoto na majirani wa Awindiri, tukavuka kwenda Kongo. Kwenye mpaka nililiacha lori kwenye tambarare, likiwa ndani ya gia na mawe mawili. Watu walinicheka kwa kujisumbua, wakati hatukutarajia kuliona tena. Huko ukimbizini nilisikia sauti nyingi za watu wa Koboko, na kila mwanamke aliyeuza uji nilimkwepa.

Niliporudi niliendesha magari ya misaada na baadaye ya hospitali moja, mpaka macho yakaniambia basi. Wakubwa wangu wa mwisho walinipa cheti cha dereva asiyepata ajali. Nilikipokea mbele ya watu wakipiga makofi. Nyumbani nilikigeuza, kikaangalia ukuta, na mke wangu hakuuliza kwa nini, maana yeye peke yake nilikuwa nimemwambia.

Vijana, mnaniuliza siri ya kazi. Ni hii. Paki gari kama ulivyofundishwa, hata mwenye gari akikataza. Weka gia, na kama ni kofi, pokea kofi. Kofi linapona; mimi langu lilipona kwa siku nne. Na ukiulizwa kitu ukiwa na mzigo begani, utue kwanza mzigo, ugeuke, uone unaulizwa nini. Dakika moja haimfukuzishi mtu kazi. Haya ndiyo ninayoweza kuwafundisha. Yanayofuata siwafundishi, nawasimulia tu.

Baada ya kustaafu, mke wangu akiwa mgonjwa, aliniambia hataki kufa akiwa ameshika siri isiyo yake. Nikapanda gari la abiria hadi Koboko, kisha nikatembea hadi Ludara. Haikuwa vigumu kumpata Asunta. Nilipouliza njia, mtu mmoja alisema, "Ah, wewe nataka nyumba ya mwizi ya jiwe?" Hakuwa na ubaya. Ndivyo ilivyoitwa, na yeye alizaliwa akaikuta ikiitwa hivyo.

Asunta alikuwa mama mwenye mvi, akichambua maharage na binti zake. Alinikaribisha kiti, akanipa maji. Nilimweleza mimi ni nani. Kisha nikamweleza yote, neno la mawe, mzigo begani, mafiga, bastola. Nikamweleza na habari ya sufuria.

Aliusogeza ungo wa maharage kando. Akasema, "Ile sufuria, mwenyewe nakuja kuchukua. Yeye nasema mama yangu iko mwizi ya jiwe na mwizi ya sufuria." Kisha akasimama, akaniambia, "Ngoja, Mzee. Hii maneno hapana ya mimi peke yangu."

Akatoka. Aliwaita jirani wa kulia na wa kushoto, akamwita katekista, akawaita vijana waliokuwa kisimani. Walipotimia kama watu ishirini uani, aliniomba nianze upya. Nikasimama nikasema kwamba Mama Asunta aliniuliza mimi, na mimi nikamwambia chukua, na nilipoulizwa nilikana. Hakuna aliyepiga kelele. Mzee mmoja alivua kofia.

Nikaongeza jambo ambalo sikuombwa. Nikasema, "Niliogopa. Wakati ule kila mtu aliogopa."

"Ni kweli," akasema Asunta. "Kila mutu iko naogopa. Lakini watu ingine hapana ulizwa, Mzee. Wewe naulizwa."

Nikamjibu kwamba ndiyo, niliulizwa.